Kasiksi ya Konokono

Kopo la nne la sadini, kati ya sita, lilisumbua, kwa kuwa udongo wa Bagira una mawe mengi. Bisimwa alilisukuma mpaka mdomo wake ukalingana na ardhi, akalimiminia kasiksi, ile pombe ya ndizi, kutoka kibuyuni, polepole kama mtu anayetia dawa jichoni. Makopo matatu ya jana yalikuwa yamenasa makoa kumi na tisa, wale konokono wasio na nyumba. Wote walikufa wamelewa.

Mkewe Nsimire alikwisha sema: kabichi ikiliwa tena kabla ya Jumapili, shamba litapandwa viazi vitamu. Zilibaki kabichi saba. Bisimwa alikuwa amewachunguza makoa wiki tatu. Hutoka jua likizama. Hupumua kwa tundu la ubavuni, upande wa kuume. Dume hakuna, jike hakuna. Kila mmoja ni baba na mama, na wote hutaga.

"Papa Bisimwa!" Jirani yake Mugisho alichungulia juu ya ua. "Kumbe siku hizi unaficha pombe mu udongo?"

"Hapana, ndugu. Iko ya konokono."

"Konokono! Miaka kumi mimi iko jirani yako, haujaniita. Hawa wasiokuwa hata na koti la abakosti, ndio wageni?"

Nsimire alicheka mlangoni. "Umupe, Papa. Ni haya kumunyima."

Kweli, ilikuwa haya. Jirani akishaiona pombe, hupewa. Na mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu. Bisimwa akainua kibuyu.

"Ile ya kibuyu sikuiona," alisema Mugisho. "Niliona ya kopo. Onja ya kopo."

Ukingoni mwa kopo koa mmoja alikwisha wasili, macho yake yakimtazama Bisimwa kutoka ncha za pembe. Bisimwa alimwondoa kwa kidole, akafumba macho, akaonja. Utelezi ulimfuata mpaka kooni.

"Iko namna gani?"

"Iko... nzito."

"Basi haina sumu. Sasa unipe ya kibuyu."

Mugisho alikunywa mpaka kibuyu kikatoa sauti ya utupu. Makopo mawili ya mwisho yalibaki makavu, hayajazikwa, na jua lilikuwa linazama. Bisimwa aliingia jikoni kimya, akatoka na sufuria mbili, akafunika nazo kabichi mbili za mwisho wa mstari.

"Kesho nitazika yale mawili," alijiambia, "nyuma ya nyumba, Mugisho asikochungulia."

"Papa Bisimwa," Nsimire aliita, "sufuria zangu ziko wapi?"