Mshale wa Keji

Mimi, Igga, nina hasira za karibu. Nasema mapema usije ukanishangaa. Mwaka ule wa 2016, miezi mitatu baada ya mapigano ya Julai katika mji mkuu wetu, nilikuwa nikifundisha watu wazima hesabu katika ukumbi wa kanisa mtaa wa Nyakuron. Mabati yalikuwa na matundu ya risasi, na mwalimu hakuwa na subira. Jibu la ovyo nililimwagia wino mwekundu bila huruma.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Saa sita mchana Marino, karani wetu, angepeleka orodha ya watakaofanya mtihani wa cheti. Aliyepata chini ya hamsini katika jaribio langu hakuwemo, na orodha isingefunguliwa tena hadi mwaka mwingine, kama mwaka mwingine ungekuwepo. Keji alikuwa amepata thelathini na nane.

Saa nne akanijia, kavaa sare ya usafi ya hoteli anayofanyia kazi, mtaa wa Amarat. Kiswahili chake alikiokota hukohuko, kwa wapishi Wakenya na Waganda. Alikuwa na miaka thelathini na nne, alitaka chuo cha ukunga, na chuo hakimpokei mtu asiye na cheti.

“Ustaz,” akasema, akiweka karatasi yake mezani, “hapa umeandika nini?”

“Nimeandika: umenakili. Hujui kusoma?”

Ushahidi ulikuwa wazi, au ndivyo nilivyojidanganya. Swali lilikuwa 2x + 3y = 6: igeuze ili y ibaki peke yake, kisha chora mstari. Jibu ni y = 2 − (2/3)x. Yeye aliandika (2/3)x − 2 = y, ishara zote zimepinduka. Mstari wa namna hiyo hupanda. Lakini grafu yake ilishuka vizuri kabisa, kutoka mbili kwenye mhimili wa y hadi tatu kwenye mhimili wa x. Grafu ya kweli kutoka kwa mlinganyo wa uongo! Kama si ya jirani, ni ya nani?

“Mimi hapana iba,” Keji akasema. Akanikazia macho. “Nipe chaki.”

“Mama, usinipotezee muda.”

“Chaki, Ustaz.”

Nikampa, nikakunja mikono. Looh! Akaenda upande wa kulia wa ubao. Kulia! Akaandika 3y, akasogea kushoto, akaweka alama ya sawasawa, akasogea tena, 6, kisha alama ya kutoa, kisha 2x. Alikuwa akisema kila alichoandika: “Tatu y, sawasawa na sita, toa mbili x.” Sahihi tupu. Nami nikisoma kama nilivyofundishwa ukimbizini Uganda, niliona 2x − 6 = 3y.

Nikakaa. Mwanamke huyu alisoma Khartoum, kwa Kiarabu, na hesabu za huko huanzia kulia. Herufi zote alizibadilisha kuwa za kwetu, ila mkono ukabaki na njia yake ya zamani. Kwenye kujumlisha haidhuru, uje huku uje kule ni yaleyale, ndiyo maana sikuwahi kushtuka. Kutoa ndiko kulikomponza. Alikuwa akigeuza kila mlinganyo mara mbili, mara ya hesabu na mara ya lugha, kisha anakwenda kudeki vyumba kumi na vinane, nami nikamwita mwizi. Niliona aibu hadi masikioni. Na haki ya Mungu, nilimstahi.

“Kwa nini hukusema?”

“Nilifikiri wewe iko najua. Wewe ndiyo ustaz.”

Nikasahihisha upya nikianzia kulia: sabini na sita. Mwingine angeshukuru akaenda zake. Keji akauliza, “Na Loro?”

Loro, dereva, baba wa watoto watatu, naye wa Khartoum, alikuwa amepata thelathini na moja. Juzi aliiacha karatasi yake kwenye dawati, akaondoka. Nikaitafuta. Kila mlinganyo, kulia kwenda kushoto. Hamsini na tisa! Lakini kila mtahiniwa lazima atie sahihi mwenyewe kwenye orodha, na Loro alikaa mtaa mwingine, Atlabara, na saa tano ilikuwa imeshapita.

“Na zamu yako hotelini?” nikamuuliza Keji.

“Malesh, si neno,” akasema, na alikuwa tayari mlangoni.

Marino akaanza kufunga bahasha. Nikamwambia akiifunga atanijua mimi ni nani. Saa sita kasoro dakika tano wakaingia, wote wawili wamelowa jasho, Loro kavaa ndala zisizofanana.

Keji alisubiri Loro atie sahihi kwanza, ndipo akatia yake. Kisha akachukua kalamu yangu nyekundu, na juu ya karatasi yake akachora mshale mdogo, kutoka kushoto kwenda kulia.

“Huu wangu,” akasema. “Nisisahau.”

Akachora mwingine chini yake, kutoka kulia kwenda kushoto.

“Na huu wako, Ustaz.”