Kizuia Sauti cha Verlene Kubena

Verlene Kubena alikuwa na sikio moja tu. La kushoto lilikufa kwa matubwitubwi akiwa na miaka saba, na la kulia ndilo lililomlisha: lilimpa kazi ya kupiga kinanda kanisani na kurekebisha piano za watu katika kaunti tatu za Texas. Basi nguruwe mwitu walipoanza kuchimbua shamba lake la majani ya ng'ombe, wakiacha mashimo ya kumvunja mtu mguu, hakuweza kusimama na kuwafyatulia risasi kama majirani zake. Daktari alimwambia kwamba kuziba sikio hakutoshi. Afunge na kizuia sauti kwenye mtutu, la sivyo aachane na bunduki.

Akaenda dukani kwa Duane Orsak, aliyevaa suruali ya kijeshi yenye mifuko sita, ingawa jeshi alilijua kwa televisheni tu.

"Zawadi ya mzee wa nyumbani?" Duane akauliza.

"Mzee yuko makaburini mwaka wa nne sasa. Ni yangu."

Duane akatoa bomba jeusi la urefu wa shubiri, akaliweka kwenye kitambaa kama anaonyesha almasi. "Ukifunga hiki, mama, hata nguruwe aliye kando hajui mwenzake kafa. Kimya kama paka juu ya zulia."

"Soma sanduku lako mwenyewe," Verlene akasema. "Limeandikwa kinapunguza sauti. Mlio utakaobaki bado ni wa nyundo juu ya bati. Umeuza vitu hivi miaka mingapi?"

Duane akasema kumi na moja. Verlene akamwonea huruma kidogo, ile huruma anayopewa mbuzi aliyejinyonga kwa kamba yake mwenyewe.

Akakinunua. Duane akakichukua tena, akakifungia kwenye sefu. Ndivyo sheria ilivyotaka. Kitu ni chako, lakini hukitoi dukani mpaka serikali kuu iseme ndiyo. Kulikuwa na fomu ya kujazwa nakala mbili, picha za pasipoti, kadi mbili za alama za vidole, ushuru wa dola mia mbili, na nakala nyingine ya kumpelekea sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, ili ajue. Halafu ni kungoja, miezi minane, labda tisa.

"Na kama ningetaka bunduki nyingine?"

"Hiyo ungeondoka nayo leo, kahawa yako haijapoa."

Verlene akacheka kwa pua. Chenye kuua, robo saa. Chenye kuokoa sikio, miezi tisa. Aliwaona waliotunga sheria ile kuwa watu waliojifunza bunduki kwenye sinema, sawasawa na Duane. Lakini kulikuwa na kundi alilolidharau zaidi, la wale wanaodhani upumbavu wa sheria ni ruhusa ya kuivunja. Akainama, akajaza fomu kwa herufi kubwa, hakuacha hata kisanduku kimoja.

Duane akasisitiza kuchukua alama za vidole yeye mwenyewe. Akambana vidole kwenye wino kama anayekamua ndimu. "Nimeshafanya mamia," akasema.

Kinara wa kundi lile la wavunja sheria alikuwa shemeji yake, Lumir, mdogo wa marehemu mumewe. Shamba lake lilipakana na la Verlene, na kila Jumamosi alikuja kukaa barazani kwake kula mikate yake ya plamu bila hata siku moja kuleta unga. Mwezi wa tatu wa kungoja, alikuja na kitu kimefungwa kwa gazeti.

"Shemeji, bado unaiomba serikali ruhusa ya bomba?"

"Bado."

"Ona hili." Akafungua gazeti. Kilikuwa chombo kilichouzwa mtandaoni kama kifaa cha kusafishia mitutu, naye alikwisha kukitoboa katikati kwa mashine yake ya gereji ili risasi ipite, kiwe kizuia sauti. "Limekuja kwa posta. Hakuna fomu, hakuna vidole, hakuna sherifu. Wiki moja."

"Hiyo ni miaka kumi jela, Lumir."

"Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua. Na tundu lako limekwenda upande."

Lumir akalitazama tundu, akafumba jicho moja, akasema liko sawa kabisa. Kaka yake Emil, mume wa Verlene, alikuwa fundi mitambo aliyeweza kujua kwa kidole kama chuma kimepinda kwa upana wa unywele. Lumir hakuweza kupigilia msumari ukasimama. Verlene akaondoa sahani ya mikate mezani, akaingia nayo ndani.

Mwezi wa tano ikaja bahasha. Verlene akaifungua akidhani ni idhini, kumbe kadi za vidole zimerudishwa: hazisomeki. Miaka thelathini na sita ya kuvuta nyaya za piano ilikuwa imemsugua ncha za vidole zikawa laini kama kijiko, na Duane alikuwa amezipaka wino mwingi zikawa matope matupu. Alikaa jikoni na zile kadi mbele yake. Hakulia, ila kwa mara ya kwanza alifikiria tundu la Lumir, na jambo hilo lilimkera kuliko barua yenyewe.

Asubuhi akaenda ofisi ya sherifu. Aliyekuwa zamu ni askari mmoja, Consuelo Barrientos, mama mnene mwenye miwani shingoni, aliyekuwa akiwaandikisha mahabusu wa kaunti ile tangu enzi za wino wa chupa.

"Nani aliyeziharibu hizi?" Consuelo akauliza, akizishika kadi za Duane pembeni kama nepi.

"Bingwa wa mamia."

Consuelo akatabasamu kidogo. Akamnawisha mikono, akamkausha, akamkanda kila kidole kutoka kiganjani kwenda nchani, polepole, kama anayekamua ng'ombe asiyetaka kushtuliwa. "Ngozi itaamka," akasema. "Wewe usinisaidie. Wanaonisaidia ndio wanaoharibu." Akaweka wino mwembamba, akaviringisha kila kidole mara moja tu. Mistari ikatokea, hafifu lakini yote. Verlene alizoea kuwadharau watu wa ofisini. Siku ile alisema asante mara mbili.

Kadi mpya zikatumwa, kungoja kukaendelea.

Ilikuwa Oktoba, saa tatu asubuhi, Verlene aliposikia mlio wa bunduki kutoka kwa Lumir, kisha ukelele ambao haukuwa wa nguruwe. Akaruka kwenye pikapu. Alimkuta ameketi chini kando ya uzio, damu ikimchuruzika shavuni na shingoni. Risasi ilikuwa imegonga ukuta wa lile bomba kwa ndani na kulipasua, vipande vikamrudia usoni. Jicho lilikuwa salama kwa upana wa kidole.

"Usiseme," Lumir akasema kabla ya jambo lingine lolote. Akajikokota mpaka bwawa la ng'ombe, akatupa mabaki majini.

Verlene akamfunga kitambaa, akamkimbiza hospitali. Huko walipiga simu kwa sherifu, kama wafanyavyo kwa kila jeraha la bunduki, na aliyekuja alikuwa Consuelo.

"Mama Kubena, nini kimetokea?"

Lumir, uso umejaa bandeji, akamtolea macho shemeji yake kama mbwa aliyekula kuku. Verlene alijua neno moja lingempeleka Lumir jela, na uongo mmoja ungemharibia yeye ombi lake na heshima yake. Hakutaka lolote kati ya hayo mawili.

"Nilifika baadaye," akasema. "Mwulize yeye. Mdomo haukuumia."

Lumir akasema bunduki ilikuwa mbovu, ikapasuka. Consuelo akaandika. Hakuonekana kuamini hata herufi moja, lakini ushahidi ulikuwa kwenye kina cha bwawa, na kaunti ilikuwa na askari sita tu. Njiani kurudi Lumir alisema asante. Verlene akaongeza sauti ya redio.

Idhini ilifika Februari, mwezi wa kumi na nne tangu siku ya kwanza dukani. Duane akampa bomba lake akimwita "mteja wangu mwaminifu." Alfajiri ya pili aliwapiga nguruwe watatu. Mlio ulikuwa mkali kama mlango uliobamizwa na mtu mwenye hasira, na wale waliobaki walikimbia kuelekea upande wake, hawakujua kifo kinatoka wapi.

Wiki ile ile Lumir akaja, kovu limemvuta mdomo upande. Nguruwe walikuwa wamehamia kwake, wamemlia mbegu za mahindi nusu shamba.

"Niazime siku mbili tu, shemeji."

"Hakitoki mkononi mwangu. Nitakuja mwenyewe."

Akaenda kesho yake kukipambazuka. Lumir akamfuata mpaka ukingoni mwa shamba, akinyoosha mikono. "Basi niishike bunduki kidogo tu. Nipige mmoja. Si uko hapa hapa?"

Sheria ilimruhusu: mwenye kizuia sauti akiwa pale pale, mwingine aweza kukitumia. Verlene alikuwa ameisoma sheria ile yote, mara tatu, kwa miezi kumi na minne.

"Kaa kwenye pikapu," akamwambia. "Na ufunge dirisha, mlio bado ni mkali."

Lumir akalitazama lile bomba jeusi. Kisha akaenda, akakaa.