Makofi Kutoka Uyole

...na bado anaongea, mwenyekiti huyu haishiwi pumzi, Faustina anamtazama kwenye simu aliyoiegemeza kwenye gunia la viazi, picha inaganda, inaachia, inaganda tena, bando linayeyuka kwa ajili ya shukrani, tunawashukuru wadau, tunawapongeza wadau, neno lenyewe limeshamchosha masikio, kumbe na yeye ni mdau, tena mwakilishi wa watumiaji wa Nyanda za Juu Kusini kwenye baraza linalosimamia majina ya tovuti, cheo kirefu kuliko ghala lao hili la Uyole, nje lori linashusha gia, sauti ya mwenyekiti inamezwa, inarudi, "...kwa hiyo kiti cha watumiaji tunakiunganisha na kiti cha makampuni yanayouza majina, tuwe na sauti moja, kazi iende haraka, kama mlivyoridhia wenyewe kwa makofi kule Iringa..." Iringa? Nani aliridhia Iringa?

Subiri kwanza, Iringa ilikuwaje, ukumbi ule wa Mlandege, baridi, maji ya chupa ambayo hakuna aliyekuwa na kiu nayo, miguu imevimba kwa safari ya basi, na mwenyekiti huyuhuyu, ndugu Liberatus, mbele na maelezo yake, mengine ya Kiingereza, alipomaliza aliinamisha kichwa na ukumbi mzima ukapiga makofi, naye akapiga, sasa angefanyaje, mtu mzima amemaliza kusema umkalie kimya kama umenuna? Kwao ndivyo walivyolelewa, mkubwa akimaliza unapiga makofi, umeelewa hujaelewa, umekubali hujakubali, makofi ni adabu tu, kama kumpokea mtu mzigo, hakuna aliyemwambia kwamba kuna watu wanayageuza kuwa kura, wamemuuzia mbuzi kwenye gunia na yeye akasaidia kulifunga, ee Mungu, amechoka, amechoka hadi kope zinamuuma, tangu alfajiri anapakia...

"Wamefika kwenye jambo letu?" Shangazi Bertha anauliza toka kwenye kigoda, mikono haikomi kuchambua, vizima huku, vilivyooza kule.

"Bado, shangazi, letu ni kikao kijacho."

"Hee. Wana maneno hao."

Jambo letu, anasema, na kweli ni lao wote, jina la kikundi, Viazi Mama Uyole, jina walilolichora wenyewe kwenye magunia kwa rangi ya bluu, halafu mtu mmoja huko Dar es Salaam, ambaye Uyole pengine anaisikia kwenye redio, akawahi kulinunua mtandaoni, ukiliandika leo inafunguka tovuti yake, na picha ya shangazi Bertha ameinama shambani, kaichota sijui wapi, viazi anavyouza havijulikani vimelimwa wapi, vikioza huko lawama zinapigwa simu huku, mwenye hoteli mmoja alimtukana shangazi, mwanamke wa umri ule, ndiyo maana wakalalamika, ndiyo maana Faustina aligombea hicho kiti, maana malalamiko ya mtumiaji hayafiki mezani bila mwenye kiti cha watumiaji kuyabeba, na yamepangwa kikao kijacho, sasa kiti kikiunganishwa atayabeba nani, kampuni ileile iliyomuuzia yule mtu jina? Imsemee shangazi dhidi ya mteja wake? Thubutu...

Lakini pia angeacha tu, nani atamlaumu, angezima simu akasema mtandao ulikata, wote watamwamini, Uyole mtandao unakata kila siku, aende nyumbani akaoge maji ya moto, alale, hawa watu wana mawakili, wana ofisi zenye viyoyozi, yeye ana sauti ya mafua na kisimu cha kiswaswadu cha akiba kwenye mkoba, siku wanamchagua yeye, shangazi hakusema katuwakilishe, neno hilo halimo kinywani mwake, alisema nenda ukatusemee, basi, na toka siku ile amesema nini? Amepiga makofi...

"Basi, wajumbe, tuhitimishe kwa makofi ya pamoja!"

Na vinaanza, vile vikono vya njano vya makofi, vinapanda kwenye kioo cha simu, kimoja kutoka kwa makampuni, kingine, vitatu, viwili tena, Faustina anahisi viganja vyake vinavyowasha, anaona aibu kabisa, aibu ya kweli, ya mtoto aliyepitiliza bila kusalimia, na pembeni yake shangazi Bertha, ambaye amesikia neno makofi tu, anajifuta udongo kwenye kitenge na kuinua mikono, kwa roho safi, ampigie mzee wa watu aliyemaliza kusema...

Faustina anaidaka mikono ile kabla haijakutana.

"Mbona unanishika?"

"Hapana, shangazi. Leo hapana."

"Si amemaliza? Tutaonekanaje?"

"Watuone hivyohivyo," anasema, na ameishikilia mikono ya shangazi kwa mkono mmoja, ya baridi, ina michanga, haachii, "...upande wa watumiaji, Mbeya, hatuoni makofi yenu, mko nasi?" anauliza ndugu Liberatus, anatabasamu, vikono vya njano bado vinapanda, lori jingine linapita, na kidole gumba cha mkono wake wa pili kinakitafuta kile kipaza sauti chenye mstari mwekundu, akifungue.