Koo Jipya la Mke Mwenza

Kaka yangu ni daktari wa meno, na hilo ndilo lililomharibu. Kutwa anaongea na watu waliopanua midomo wasioweza kumjibu, basi akitoka kazini anadhani dunia nzima imekaa kwenye kile kiti chake. Mimi sikai. Mimi nafundisha watu kuendesha gari, wanafunzi wangu wananiita Mwalimu Breki wakidhani sijui, na mtu akiniletea za kuleta nampa vidonge vyake hapo hapo.

Siku hiyo tulikuwa gereji, mimi na yeye, tumesimama chini ya gari la marehemu baba lililoinuliwa kwenye lifti. Ni gari la spoti la zamani, jekundu, la viti viwili, limekaa chini kiasi kwamba ukitaka kushuka unajikunja kwanza halafu unajikusanya. Baba alikuwa fundi saa, mtu mpole, hakuwa na kitu chochote cha mbio maishani mwake isipokuwa hilo. Alilipenda mpaka mama akaliita mke mwenzake. "Mke mwenzangu kaamkaje leo?" alikuwa akiuliza asubuhi, na baba alimjibu kwa heshima zote kwamba kaamka salama, ila anakohoa kidogo.

Sasa kikohozi kilikuwa kimekomaa. Fundi aligonga ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, kwa spana, kutu ikatumwagikia vichwani.

"Hapa sichomelei tena," alisema. "Nimeweka kiraka juu ya kiraka mpaka basi. Chagueni nyingine."

Vita vikaanza. Kaka alitaka bomba pana la chuma kisichoshika kutu, na pamoja nalo chipu mpya ya injini. Fundi akatueleza taratibu. Kompyuta ya gari lile ina kipande kidogo, ukubwa wa ukucha, ndicho kinachoamua mafuta yaingie kiasi gani na cheche ipige wakati gani. Ukikibadilisha, injini inapata nguvu zaidi. Lakini lazima moshi upate njia pana ya kutokea, la sivyo ni kumwambia mtu akimbie huku umemziba pua.

"Kwa hiyo vyote viwili," kaka akasema, anasugua mikono.

"Kwa hiyo hakuna hata kimoja," nikasema. "Tunafunga ile pale."

Nilimwonyesha ekzosi iliyoegemezwa ukutani. Fundi alikuwa ameitoa kwenye gari la aina hiyo hiyo lililokatwa vipuri, nzima kabisa, na sauti yake ni ile ile aliyoiacha baba.

Na usidhani mimi ni mbishi tu. Baba alipokuwa akirudi kazini, mama alilisikia lile gari likikata kona ya duka la vitabu, na hapo hapo anabandika birika. Mpaka baba amalize kuhangaika kujitoa kwenye kiti, chai iko tayari. Baada ya msiba nilikwenda nalo kumwona mama kwa mara ya kwanza, nikaingia, nikakuta birika linatokota. Alikuwa ameisikia kona! Tangu hapo kila Jumamosi nampitia nalo, na kila Jumamosi nakuta birika motoni. Moyo wangu ulikuwa unasuuzika, wallahi. Nilijiambia, kumbe kuna kitu kimoja cha baba ambacho bado kinafika nyumbani. Sasa daktari wa meno aje aking'oe hivi hivi? Thubutu!

"Mama mwenyewe kakwambia anaitaka hiyo sauti?" kaka akauliza.

"Mambo mengine hayasemwi. Ungekuwa unakaa na watu waliofunga midomo ungejua."

"Jamani," fundi akaingilia, "kuna mteja anaingojea lifti."

Kaka akatoa simu, akasogea pembeni, akaongea kwa sauti ya chini. Nikajua kuna njama. Haukupita muda, teksi ikasimama mlangoni, na nani akashuka? Mama. Mkoba kwapani, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri utadhani anakwenda harusini.

"Umemleta mama gereji?" nilimwambia kaka nimeuma meno. "Kwenye grisi hii?"

"Kwani gari ni la nani?"

Hapo alinipata. Gari ni la mama.

"Shikamoo mama," fundi akasema, akamfutia kiti kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko kiti.

"Marahaba, baba. Nitasimama tu. Nasikia mke mwenzangu anabadilishwa koo. Haya, mwimbisheni nimsikie."

Fundi akaanza na ile niliyoitaka mimi. Akaishikiza kwa klipu, akalishusha gari, akaliwasha na kupiga resi. Ikawa ile ile. Mngurumo wa chini chini, halafu kikohozi kidogo akiachia mafuta. Nikamgeukia mama nione anavyotabasamu.

Hakuwa anatabasamu. Alikuwa amepiga hatua moja kuelekea mlangoni, kama mtu aliyeitwa, kisha akasimama na kuukumbatia mkoba wake.

"Zima," alisema.

"Mama, hii ndiyo yake," nikamwambia. "Usiwe na wasiwasi, haibadilishwi. Nimekataa kwa ajili yako."

"Nani alikwambia naitaka?"

Fundi akazima injini, mama akanisogelea.

"Mwanangu, ile sauti ikikata kona, miguu yangu inafika jikoni kabla ya akili. Nabandika birika. Natoa kikombe chake. Kwa ule muda mfupi, yupo, anarudi. Halafu mlango unafunguliwa, unaingia wewe." Alinishika mkono. "Wewe, mtoto niliyekuzaa mwenyewe na ninayekupenda. Na mimi nakukasirikia kwa sababu wewe siye. Kila Jumamosi. Nimechoka kukukasirikia."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulikuwa unaingia umefurahi mno. Ningeanzia wapi?"

Nililia pale pale, Mwalimu Breki mzima, kwenye harufu ya oili. Nilijisikia mjinga na nilimhurumia mama. Fundi akajitia hamnazo, akawa anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

"Basi, basi," mama akasema, akanifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. "Fundi, nipe sauti nyingine. Nataka nikiisikia nijue ni wanangu wanakuja, si mtu mwingine."

Fundi akalipandisha gari tena, akafunga lile bomba pana la kaka, akalishusha. Akapiga resi. Eh! Bati la gereji lilitetemeka, na paka aliyekuwa amelala juu ya matairi hatukumwona tena. Mama akaruka, akaweka mkono kifuani, halafu akaangua kicheko, kile kicheko chake cha zamani cha kujishika mbavu.

"Kumbe ndiye huyu! Mke mwenza kweli, hana haya hata kidogo! Mfungieni hilo hilo."

"Na chipu je, mama?" kaka akawahi kabla upepo haujageuka.

"Inaleta nini?"

"Mbio."

Mama akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Mwekeeni huyu. Kutwa anawakanyagia breki watoto wa watu, na yeye apumue."

"Lakini wazo lilikuwa langu," kaka akalalamika.

"Wewe utalichukua gari Jumapili, na kwa adabu."

Jumamosi iliyofuata nilikata kona ya duka la vitabu kwa gia ya pili. Gari lilinguruma kana kwamba lina kesi na mtaa mzima. Mbwa wakabweka, mwenye duka akatoka akashika kiuno, na mimi nikaongeza mafuta kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika. Kusema kweli, ile chipu ni tamu. Sijamwambia kaka, na hatanisikia nikisema.

Mama alikuwa amekaa kibarazani na gazeti lake, miguu ameinyoosha. Hakunyanyuka.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Nimejua ni wewe tangu kule dukani. Wote wamejua." Akanitazama, mimi hasa, na uso wake ukafunguka wote. Nilikuwa nimeusahau ule uso.

"Na chai je?" nikauliza.

"Chai? Kwani jikoni hupajui? Nenda kabandike. Mimi nimekaa."

Nilikwenda jikoni, nikagusa birika. Lilikuwa la baridi, halina hata tone la maji. Nilicheka peke yangu nikiwa nimelishika, kisha nikalijaza, nikawasha jiko, nikatoa vikombe viwili, cha mama na changu.