Wimbo wa Tisa wa Tanuru

Saa nane na dakika ishirini mchana, taa nyekundu ya mashine ya kurekodi imezimwa. Nimekaa katika stoo ya kanisa, Tukuyu, ambayo bendi ya Tanuru imeigeuza studio kwa kubandika magodoro ukutani; mimi ni mwalimu wa fizikia, na ndiye ninayewarekodia. Kwenye kompyuta mbele yangu zipo nyimbo nane za albamu yao ya kwanza, Majivu Yanaimba, na nafasi ya tisa iko tupu. Saa tisa na nusu Anyelwisye atakuja kuusikiliza wimbo wa tisa. Yeye ndiye mwimbaji, ndiye aliyekuwa akiunguruma juu ya magitaa mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka, na wiki sita zilizopita, siku moja baada ya kuuimba wimbo huo, madaktari walimtoa uvimbe kooni na sauti ikatoka nao. Sasa anaandika kwenye daftari. Hajui kwamba sikuurekodi. Ilitokea hivi. Tanuru hawaanzi wimbo bila kusali, na sala hairekodiwi. Ni utaratibu wao, waliuweka tangu mzee mmoja wa kanisa alipouliza ni sala gani inayohitaji waya. Kila mtu anafumba macho, nazima mashine, naiwasha nikisikia Amina. Siku ile Anyelwisye alisali, sala ikapanda, ikawa mngurumo, gitaa likaingia, ngoma zikaingia, nami nikabaki nimefumba macho nikingoja Amina. Wimbo wa tisa hauna Amina. Ni sala mwanzo hadi mwisho, dakika nne na sekunde kumi na mbili, na nilipofumbua macho alikuwa ameketi sakafuni, jasho linamchuruzika, akisema huo ndio wa mwisho, Mwalimu, mwingine sina.

Navaa hedifoni. Naikodolea macho nafasi ya tisa, na mstari wake mwembamba unapanuka, unakuwa upana wa njia, nami niko juu yake, natembea, nimebeba mashine na mizigo ya nyaya begani. Nahesabu hatua, kwa kuwa hatua zinahesabika. Kando ya barabara umesimama mji ambao mapaa yake yanapanda juu na mapaa yale yale yanashuka chini, nyumba kwa nyumba, kama sauti inavyochorwa kwenye kompyuta, na nautambua: ni wimbo wa kwanza. Naupita, naingia wa pili, naupita, naingia wa tatu, na kila mji una kelele zake lakini hauna watu, mpaka wa nane, na baada ya wa nane niko tena kwenye wa kwanza. Nazunguka mara tatu. Katika mzunguko wa nne anatembea nami mtu mwenye joho la kwaya, na mahali pa uso wake pana ngozi ya ngoma iliyokazwa vizuri. Namwuliza wa tisa uko umbali gani. Anajibu kwamba uko palepale nilipouacha nilipoutii utaratibu wa sala. Namwambia hilo si jibu, kwamba nimefundisha fizikia miaka kumi na moja, kwamba mawimbi ya sauti yakishafifia hewani hayarudi. Anacheka kwa tumbo, maana mdomo hana, na ngozi ya usoni inavuma. Fundi, anasema, umebeba nyaya kama mama anayetoka kukata kuni, na hujui hata unakwenda kufunga nini. Kama hayarudi, unatafuta nini? Natembea hatua arobaini kabla sijamjibu. Natafuta namna ya kutomwambia Anyelwisye, namjibu. Basi umefika, anasema, usifumbe macho tu.

Miji imekwisha. Ni uwanda wa vumbi jeupe, hauna hata nyumba moja, hauna juu wala chini, na Anyelwisye amesimama katikati na buti zake za jeshi, shingo yake haina kovu. Umechelewa, ananiambia, na sauti ni ileile, unatembea kama unasahihisha madaftari njiani. Nataka kucheka. Nafunga nyaya, mikono inajua kazi yake, naiweka mashine kwenye vumbi. Nataka kumweleza kila kitu, lakini anatikisa kichwa. Mwalimu, anza basi. Nabonyeza, taa nyekundu inawaka, naiona kwa macho yangu mawili kwamba inawaka, naye anainamisha kichwa na kusema Baba. Nimelelewa kanisani; kope zangu zinalijua neno hilo kabla yangu. Nazizuia na zinashuka, nazizuia kwa vidole na zinashuka, na zikishafunga hakuna Baba, hakuna gitaa, hakuna vumbi, ni giza tu na mimi ndani yake nikingoja Amina.

Saa tisa na dakika ishirini na saba nafumbua macho. Taa nyekundu inawaka. Sikumbuki kuibonyeza. Katika nafasi ya tisa limo faili la dakika nne na sekunde kumi na mbili, na mstari wake umenyooka mwanzo hadi mwisho, ingawa kompyuta hii haichori sauti ndogo sana. Hilo ni jambo la kweli, nalishika. Muda wa kulisikiliza sina, mlango unagongwa. Anyelwisye anaingia na skafu shingoni. Natazama uso wake kuhakikisha kwamba upo. Nje mvua inanyesha tangu asubuhi, Tukuyu yote ni matope, na buti zake zina vumbi jeupe. Namwambia nina jambo la kukueleza, kaka. Ananionyesha kiganja, yaani baadaye, anavaa hedifoni, anainamisha kichwa, anafumba macho. Nabonyeza. Namtazama dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mguu wake haupigi mdundo, wala uso wake haubadiliki. Kihesabu cha muda kinasimama kwenye nne na kumi na mbili. Kisha anafumbua macho, anachukua kalamu, anaandika, ananigeuzia daftari.

Mwalimu, anza basi.