Sekunde Nne za Uzio wa Shule

Kituo cha polisi kilikuwa na kiti kimoja tu cha wageni, na Macho Matatu alikikalia kama kuku anayetafuta pa kutagia: anainuka, anazunguka, anarudi, anainuka tena. Goti lake lilikuwa na bandeji. Mfukoni alishika kadi ya kamera, ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, wala hakutaka kuiachia.

Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara. Kazi yake ilikuwa kukusanya chupa za damu za wagonjwa, zahanati hadi zahanati, na kuzifikisha maabara kwa baiskeli kabla hazijaharibika. Juu ya helmeti alifunga kamera. Mawili ya Mungu, la tatu la dukani, wakamtania, na jina likamganda.

Asubuhi hiyo dereva mmoja aliyeegesha pembeni mwa barabara alifungua mlango wa gari bila kutazama nyuma. Macho Matatu akauvaa mzima mzima. Sanduku likapasuka, damu ya watu kumi na tisa ikamwagika kwenye lami, wakiwemo vichanga ambao sasa ilibidi waitwe wakadungwe upya. Mkuu wa maabara hakumung'unya maneno: "Kosa likiwa lako, kazi huna."

Na bila kazi, mtoto hampati. Wiki iliyofuata ofisi ya ustawi wa jamii ingeamua kama apewe binti yake wa miaka saba, walau siku za mwisho wa wiki. Alikuwa ameachana na mkewe mwaka uliopita, kwa makelele ambayo mtaa mzima uliyasikia. Mpaka uamuzi utoke, karatasi ya ustawi ilisema, asikanyage shuleni kwa mtoto.

Haya, hakukanyaga. Alipita tu barabarani, saa nne na dakika kumi, wakati wa mapumziko, hata siku ambazo zahanati zake zilikuwa upande mwingine kabisa. Akifika kwenye uzio anageuza kichwa, sekunde nne, anamuona, huyoo anaondoka. Na kamera ya kichwani, jamani, hutazama kule kichwa kinakotazama. Wengine wenye kamera hufuta kadi kila jioni. Yeye alifuta kila kitu isipokuwa hizo sekunde nne, na sasa alikuwa nazo za siku arobaini na moja. Mjinga? Mjinga, ndiyo. Lakini mnyime mtu mwanawe, halafu umwambie afute!

"Huyu alikuwa amelala!" dereva wa gari lile alifoka mbele ya meza ya afande. "Tena ananirekodi bila ruhusa yangu! Nina haki zangu, afande!"

Afande, mwanamke wa makamo, alimtazama juu ya miwani. "Barabara ni ya watu wote, kaka. Kurekodi safari yako si kosa. Angekurusha mitandaoni akuchafue, hapo tungeongea mengine." Akamgeukia Macho Matatu. "Lete kadi."

"Nikukatie kipande cha ajali peke yake, afande?"

"Nzima. Iliyokatwa siipokei."

Akiitoa, ataonekana mtu anayechungulia shule ya watoto, na ustawi watasikia. Asipoitoa, kazi imekwenda, na mtoto vilevile. Alienda mlangoni, akarudi. Akaenda tena, akarudi.

"Baba wee, unanitia kizunguzungu," afande alisema.

Akapiga moyo konde, akaitoa.

Kwenye kompyuta ajali ilionekana yote: uzio, kichwa kinageuka, mlango, lami, mawingu. "Mlango wako ndio ulioleta ajali," afande akamwambia dereva, naye akanywea. "Nenda dirisha la pili ukaandike maelezo."

Kisha akafungua vipande vingine, na uso wake ukabadilika. "Shule. Shule. Shule tena! Barabara ni ya wote, lakini watoto wa watu si wa wote. Unatafuta nini hapa?"

"Mwanangu. Yule wa sweta ya njano." "Hanijui nikipita, nimevaa helmeti na miwani. Namtazama kwa kuibia tu."

Afande alirudisha nyuma, akapunguza mwendo. Kamera huona kwa upana kuliko mtu. Kabla kichwa hakijageuka, pembeni kabisa mwa picha, uzio ulikuwa tayari unaonekana. Sweta ya njano iliwaacha wenzake wakiruka kamba, ikakimbia, ikapanda chuma cha chini cha uzio, ikasubiri. Akafungua siku nyingine. Ikakimbia, ikapanda, ikasubiri. Siku ya mvua watoto wote walijibanza barazani, na sweta ya njano ilikuwa peke yake kwenye uzio, imelowa chapachapa. Siku ile baba yake alidhani anacheza na maji.

"Anajua saa yako," afande alisema polepole.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Macho Matatu alikaa akatulia. Machozi yalimtoka bila aibu. Halafu akaruka kama aliyeungua.

"Na leo? Leo alikuwepo?"

Afande akarudi kwenye ajali. Alikuwepo, juu ya chuma, mkono umeinuliwa.

"Ameniona nikianguka! Mpigie mama yake, afande. Sasa hivi."

"Atauliza umejuaje. Ustawi watajua, na wiki ijayo unaweza kukosa kila kitu."

"Wajue! Mwambie amwambie mtoto baba yake yuko hai."

Akamtajia namba kwa kichwa, tarakimu moja moja, amesimama.