Birika na Taa Yake

Mwaka jana niliteleza bafuni, nikalala sakafuni tangu asubuhi hadi jirani alipokuja alasiri kuazima chekeche. Mfupa haukuvunjika hata mmoja. Aliyevunjika ni kitinda mimba wangu, anayekaa mji mwingine na kushona nguo kiwandani. Akataka nihamie kwake.

Nikakataa. Nyumba hii naijua kwa viganja. Umeme ukikatika natoka chumbani hadi jikoni bila kugonga kiti. Tulibishana wiki nzima, mwisho tukapatana. Akaniletea kisanduku cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni, kinachochomekwa ukutani, na birika la umeme linachomekwa kwenye hicho kisanduku. Nikichemsha maji ya chai kabla ya saa tatu asubuhi, taa ya kijani inawaka kwenye kisanduku na kwenye simu yake. Nisipochemsha, inawaka nyekundu.

"Ila mama," akasema, "siku ukianza kusahausahau, hakuna mjadala tena. Nakuja kukuchukua."

Kuna jambo ambalo sote wawili hatukulifikiria. Zamani alikuwa akinipigia kila asubuhi. Umeamkaje, mama? Umekula? Mguu je? Taa ilipoanza kumjibu, akaacha kuniuliza. Mwezi wa kwanza nikasema ana kazi nyingi. Mwezi wa tatu nikawa nazungumza na birika. Nalitegea vitendawili, lenyewe linachemka tu. Limeshindwa vyote na halijanipa hata mji mmoja.

Basi Jumatatu moja sikuchemsha. Nilikaa mezani na kikombe kitupu, kiu imenishika, macho kwenye simu. Saa tatu na dakika mbili ikalia.

"Mama, uko salama?"

"Nipo, mwanangu. Maji yamenipitia tu."

Nyuma yake vyerehani vilikuwa vinanguruma. "Basi chemsha, naona nyekundu hapa."

"Kitendawili," nikasema.

"Tega haraka, msimamizi ananitazama."

"Mlinzi wangu ananiangalia kutwa, hajawahi kunisalimu."

"Saa. Kioo. Sijui, mama. Chukua mji wowote unaotaka, lazima nikate."

Akakata kabla sijampa jibu. Hata hivyo chai ya siku ile ilinishuka vizuri.

Alhamisi nikafanya tena. Safari hii hakugusia kitendawili. Akaniuliza leo ni siku gani, polepole, kama anamuuliza mtoto mwenye homa. Nikamwambia Alhamisi. "Sawa, mama," akasema, nami nikajua kwamba si sawa hata kidogo.

Kesho yake akaja fundi wa hivyo visanduku, mwanamke mnene mwenye mkoba uliojaa bisibisi. Akachomoa, akapima, akachemsha maji mara mbili.

"Bibi, hiki ni kizima kabisa."

"Kwa hiyo mbovu ni mimi, mke mwenzangu?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Binti yako anataka nimwandikie ukweli. Kingekuwa kibovu angetulia. Kikiwa kizima, kesho Jumamosi anakuja na gari la kubebea vitu."

Alishika kalamu, akaningoja. Ningemwomba aandike kwamba waya umelegea, nilimwona usoni kwamba angeandika. Lakini wangeniletea kisanduku kingine, nami ningerudi kuongea na birika.

"Andika kizima," nikamwambia. "Halafu nitafutie namba ya mwanangu hapa kwenye simu, miwani nimeiacha chumbani."

Binti yangu akapokea. Sikuzunguka.

"Mwanangu, sijasahau kitu. Jumatatu niliyakumbuka maji, na jana niliyakumbuka. Niliyaacha makusudi ili unipigie."

Nikasikia vyerehani, vyerehani tu, mpaka nikadhani ameiweka simu mahali akaenda zake.

"Lakini mama, mimi nikiona kijani nafurahi. Najua umeshakunywa chai."

"Kisanduku kinajua nimechemsha. Hakijui kama nimekunywa. Siku nyingine nayamwaga."

Akakata simu. Fundi akajifanya anakunja waya ambao alishaukunja.

Jumamosi gari halikuja. Yeye pia hakuja, wala hakupiga. Jumapili vilevile. Niliamka mapema, nikachemsha, taa ikawaka kijani, nikanywa nusu kikombe na nusu nikamwagia ua la dirishani. Nikajiambia, nyumba ndiyo niliyoipigania na nimebaki nayo, basi nitulie ndani yake. Nikatulia. Ukitulia sana unasikia hata friji ikijikohoza.

Jumatatu jioni, birika limeshapoa tangu asubuhi, simu ikalia. Saa hizo taa haina la kumwambia mtu.

"Mama, kile kitendawili. Cha mlinzi." Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kazini sasa hivi, na vyerehani havikusikika. "Ni mimi?"

Mimi nilikusudia kisanduku. Nikakitazama pale ukutani na kitaa chake. Nikimwambia amekosa kabisa, atanipa mji, nitampa jibu, na yatakuwa yamekwisha.

"Si wewe," nikasema. "Lakini umekaribia. Jaribu tena kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Saa yoyote, mwanangu. Mimi nipo tu."